Mashine Zilizovuka Idi: Risala ya Mafundi wa Kompyuta Kuukuu wa Mlingotini

Imesomwa na Katibu wa kikundi, Saida Mikdad, mbele ya ghala la nyavu, Mlingotini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwanaharusi Abdulazizi, Diwani wa kata yetu na Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, na pia mwalimu wetu wa dini Ustadh Haidar, wazee wetu, shikamooni, wenye mashine na majirani mliotoka Kerege na Mapinga, mabibi na mabwana: assalaam alaykum.

MAKARIBISHO

Sisi wanachama wa Kikundi cha Mafundi wa Kompyuta Kuukuu tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ulikuja mwanzoni mwa mwezi wa Shaabani. Ulisimama mlangoni hapa, ukatazama mashine zilizopangwa sakafuni kwa sababu meza hazikutosha, ukasema maneno ambayo tumeyahifadhi kama ulivyoyatamka: "Msinisomee matumaini. Nionesheni mashine zinazokaa. Nitarudi baada ya Idi. Nikikuta mnapokea zilezile mlizokwisha kuzitengeneza, ghala hili linakwenda kwa yule mwenye saruji anayelitaka, na mimi ndiye nitakayemkabidhi."

Hatukulalamika, kwa sababu ulikuwa na haki. Wakati ule zaidi ya nusu ya mashine tulizowarudishia wenyewe zilikuwa zinarejea kwetu na ugonjwa uleule. Fundi wa namna hiyo hana hoja ya kumwambia kiongozi.

Idi imepita na wewe umerudi kama ulivyosema. Tunashukuru kwa hilo kwanza, maana ahadi za kurudi ni nyingi na njia ya kuja huku ina mchanga mwingi. Risala hii ni jibu la sharti lako. Tutaeleza tulikotoka, namna tunavyofanya kazi, kilichotaka kutushinda, tulichokipata, kisha tutaomba.

HISTORIA FUPI

Kikundi kilianza miaka minne iliyopita kikiwa na watu watatu: Mwenyekiti wetu, Bwana Kibwana Mwinjuma, aliyekuwa fundi wa redio na televisheni, Adila, aliyesomea kompyuta chuoni, na Mtoro, aliyekuwa akiuza vifaa vya simu pale Kerege. Leo tuko tisa.

Sababu ya kuanza ilikuwa wazi. Watu wa mjini waliohamia kwenye viwanja vya Mapinga walinunua kompyuta mpakato, wakauza zile kubwa za mezani. Ofisi nazo ziliuza za kwao kwa mnada. Familia za pwani yetu zikazinunua. Kwa hiyo leo utaikuta kompyuta ya mezani katika nyumba ya mkulima wa mwani, kwa fundi cherehani, na kwa mwalimu wa madrasa anayechapa mitihani yake. Mashine hizi zina umri wa miaka kumi, nyingine kumi na tano. Zinafanya kazi halali. Lakini mwenye nayo ikimharibikia, fundi wa mjini humwambia anunue mpya, na mwenye mashine hurudi nyumbani kuigeuza meza ya redio.

Chama cha wavuvi kilipohamia jengo jipya, Serikali ya Kijiji ilituruhusu kwa mdomo kutumia ghala hili walilokuwa wakitunzia nyavu. Tulirithi pia sheria yake. Nyavu za nailoni hushika moto upesi, kwa hiyo humu ndani haliingii jiko, haiwashwi sigara wala kibiriti. Tuliikuta sheria hiyo imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu na tukaifuata, ingawa nyavu zilikwisha kuondoka. Tulifanya hivyo kwa adabu tu. Faida yake kwetu hatukuijua.

NAMNA TUNAVYOFANYA KAZI

Mgeni rasmi, watu wengi hudhani fundi mzuri ni yule anayefungua mashine haraka. Sisi tunaamini kinyume chake. Kwetu maswali hutangulia bisibisi. Mwenye mashine anakaa kwenye kiti, anaeleza kilichotokea kwa maneno yake, na ni marufuku kumkatiza. Tukishasikia, tunaangalia waya kabla ya kulaumu mashine, kwa sababu mara nyingi plagi imelegea tu. Tunanakili kazi za mwenyewe kabla ya kugusa chochote. Kisha tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na ikiugua tena utaanza upya.

Magonjwa mengi ya mashine kuukuu ni madogo kuliko hofu ya wenyewe. Mashine inayolia pi-pi-pi na kukataa kuonesha picha, mara nyingi kumbukumbu yake, ile RAM, imeshika kutu nyepesi kwenye meno. Tunaichomoa, tunayasugua meno kwa ufutio wa penseli, tunairudisha. Mashine inayokataa kufungua kurasa za mtandao ikidai si salama, mara nyingi betri yake ndogo ya saa imekwisha, nayo inaamini tuko miaka ishirini nyuma. Tunaweka betri mpya, tunasahihisha tarehe. Alama zote zikipotea kwenye skrini, usiseme umeibiwa. Mtu amebonyeza mahali alipokuwa akipangusa vumbi.

Yupo mzee mmoja wa Kerege ambaye ametuomba tusimtaje jina, ila yeye mwenyewe anacheka pale nyuma, kwa hiyo mtamjua. Wajukuu walichezea vitufe vya kompyuta yake na picha kwenye skrini ikapinduka, juu ikawa chini. Mzee hakuhangaika na fundi. Aliipindua skrini yenyewe, akaiegemeza kwa matofali mawili, na nyumba nzima ikaitumia hivyo msimu mzima. Siku matofali yalipoteleza ndipo alipomwita Mtoro. Mtoro alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, picha ikageuka. Mzee akaruka: "Ala! Fundi umeiharibu! Imepinduka!"

Mtoro akamwambia, "Mzee wangu, sasa toa matofali."

Tumelieleza hili kwa sababu lina somo. Mzee yule aliona tatizo, akatafuta njia ya kuishi nalo. Sisi tulikuwa tunafanya vivyo hivyo na tatizo kubwa zaidi, ila la kwetu halikumchekesha mtu.

CHANGAMOTO ILIYOTAKA KUTUSHINDA

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Mashine ilikuja kwetu imekufa. Tuliisafisha, ikawaka, tukaiacha ikifanya kazi humu ghalani kutwa nzima, haikusita. Mwenyewe akaichukua. Baada ya wiki chache ikarudi: inazimika yenyewe, feni inanguruma, kumbukumbu imekataa. Tukaisafisha tena, ikawaka tena. Ikarudi tena.

Aliyeteseka kuliko wote ni Bi Batuli, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na ametupa idhini ya kusema yote. Mashine ya nyumbani kwake ndiyo aliyotegemea mjukuu wake Hajra, anayesoma chuo kwa njia ya masafa, kuandikia kazi yake ya mwisho ya masomo. Safari ya tatu Bi Batuli aliposukuma mashine yake kwa toroli hadi mlangoni petu, alisema mbele ya watu: "Hivi nyinyi mnaitengeneza au mnaniazima? Kwenu inacheka, kwangu inanuna. Kama inawapenda, ioeni."

Maneno hayo yakaenea hadi Mapinga, na bila shaka ndiyo yaliyokufikia wewe, Mgeni rasmi.

Kila mmoja wetu alikuwa na kitu cha kulaumu. Kuna waliolaumu chumvi ya bahari. Lakini ghala hili liko karibu na maji kuliko nyumba ya Bi Batuli, na humu mashine hazikuugua. Kuna waliolaumu umeme. Lakini jirani wa Bi Batuli, mwalimu aliyetoka bara, anatumia nguzo ileile na ana mashine ya umri uleule, nayo haijawahi kuletwa kwetu. Kuna waliolaumu vipuri. Tulichukua vipuri vya mashine iliyougua tukavitia katika mashine ya humu ghalani, vikafanya kazi. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, vipuri vilikuwa vizima, umeme ulikuwa uleule. Kilichobaki kilikuwa nyumba yenyewe.

Baada ya sharti lako, tuliamua tuache kungoja mashine na twende tukazitazame zinakoishi. Mtoro na Adila wakaenda kwa Bi Batuli. Ilikuwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Hatukuichagua siku hiyo kwa makusudi.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Leo mmekuja kunichukulia tena?"

"Shikamoo bibi. Leo hatuchukui kitu. Tumekuja kukaa tu."

"Marahaba. Fundi akija kukaa tu, ujue kazi imemshinda. Haya, kaeni."

Walikaa. Hajra alikuwa akichapa kazi yake. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kizuri kilichotariziwa maua, kuanzia juu hadi karibu na sakafu, kimeacha mlango mdogo wa waya tu. Jua liliposhuka, Bi Batuli aliondoa kitambaa, akakikunja kwa heshima, akaleta chetezo chenye makaa, akatia udi na ubani. Akafukiza mlangoni, akafukiza kitanda, akafukiza kanga. Mwisho akakiweka chetezo chini ya meza, mbele ya mashine, akaenda kukaa.

Baada ya muda mfupi Mtoro akaruka kutoka kwenye mkeka. "Bibi, inaungua! Moshi unatoka nyuma! Hajra, zima!"

"Nani anaungua?" akasema Bi Batuli bila kunyanyuka. "Haiungui, inafukizwa. Kila Alhamisi inapata fungu lake. Kitu cha thamani kuliko vyote humu ndani, mimi nifukize kanga nikiache chenyewe kinanuka vumbi?"

Adila akasema, "Mtoro, nyamaza. Tazama mbele."

Wakatazama wote. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye chetezo, unavutwa na feni, unaingia kwa mbele mwembamba kama uzi, na unatokea nyuma. Mashine ilikuwa inavuta udi.

Adila akauliza, "Bibi, na kitambaa unakirudisha lini?"

"Nikishamaliza kufukiza. Hajra akifanya kazi naifunika nacho, vumbi lisiingie."

"Inapowaka, unaifunika?"

"Sasa wewe unalala bila shuka?"

"Bibi, hiyo hailali. Hajra yuko kazini nayo."

"Basi shuka la kazini. Unanihoji kama polisi."

Adila aliomba ruhusa, akaizima mashine na kuifungua palepale juu ya mkeka. Alipitisha pamba kwenye mapezi ya feni na kwenye meno ya kumbukumbu. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia, inanata kama lami. Akampa Bi Batuli ainuse. Bi Batuli akanusa, akanusa tena.

"Huu ni udi wangu," akasema. "Tena ule wa Idi."

Hapo ndipo mambo yote yakakaa mahali pake. Moshi wa udi na ubani una mafuta. Mafuta hayo yakiingia ndani ya mashine hukaa juu ya kila kitu, na hewa yetu yenye chumvi na unyevu huyafanya yanate. Vumbi likija linagandia. Feni inakuwa nzito, joto linapanda, na kitambaa kinalizuia lisitoke. Mwalimu jirani hafukizi udi, kwa hiyo mashine yake ni nzima. Na sisi humu ghalani hatufukizi kitu chochote, kwa sababu ya sheria ya nyavu. Mashine ilikuwa inapona kwetu kwa kukosa moshi, na inaugua kwake kwa kupendwa.

Ugonjwa huu hauwezi kuandikwa katika kitabu cha fundi wa mahali pengine, kwa sababu mahali pengine hakuna mtu anayefukiza kompyuta. Kila nyumba tuliyoikagua baada ya hapo, kuanzia Mlingotini hadi Kerege, ilikuwa na desturi ileile: wakati wa moshi mashine inafunuliwa ipate harufu na wageni waione, wakati wa kazi inafunikwa isipate vumbi. Nia ilikuwa njema katika yote mawili, na yote mawili yalikuwa kinyume.

Kulijua tatizo hakukutosha. Bi Batuli alituuliza: "Kwa hiyo mnataka niwaambie wenzangu kwamba udi unaua?" Hatukuwa tayari kugombana na mila ya pwani nzima kwa ajili ya feni. Tukaenda kwa Ustadh Haidar. Alitusikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Manukato ni ya watu na nguo zao. Kompyuta haina pua."

Bi Batuli akamjibu, "Haina pua, Ustadh, lakini inavuta kuliko marehemu mume wangu na kiko chake."

Basi tukachapa karatasi za maelekezo na kuzigawa. Zilisomwa, zikasifiwa, zikafungiwa karanga. Mashine ziliendelea kurudi, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Ramadhani na Idi ndio wakati udi unapofukizwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Tulijua kwamba kama desturi haitabadilika kabla ya mwezi kuandama, tutaonana nawe hapa bila ya ushahidi na tutatoka bila ya ghala.

Aliyetutoa hapo ni Bi Batuli. Alisema, "Nyinyi mnaandika kwenye karatasi. Nani wa pwani anasoma karatasi? Sisi tunasoma nguo." Akachukua kitambaa chake, akakipunguza urefu, akatarizi juu yake kwa uzi mwekundu, kwa herufi kubwa kama jina la kanga:

NIFUNIKE NIKILALA, NIFUNUE NIKIAMKA

Maana yake kila mtu aliielewa bila kufundishwa. Mashine ikizimwa, ifunikwe, na udi ufukizwe unavyotakiwa. Mashine ikiwashwa, kitambaa kiondoke na chetezo kikae mbali. Wenzake waliokuja kumtembelea walikiona, wakakitamani. Alitarizi cha pili, cha tatu, kisha akawafundisha wenzake watarizi vya kwao. Sisi tukaweka kanuni: hakuna mashine inayotoka ghalani bila kitambaa chake. Wapo waliokuja na mashine nzima ili wapate kitambaa tu, nasi tukawarudisha kwa upole.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, sasa tunaleta ushahidi ulioutaka.

Tangu vitambaa vilipoanza hadi mwanzoni mwa Ramadhani, tulitengeneza na kurudisha nyumbani mashine thelathini na moja. Zimekaa Ramadhani na Idi katika nyumba zilizofukizwa udi kama kawaida. Mbili zimerudi. Moja iliingiwa na mjusi katika sehemu ya umeme, akafa yeye na akaiua mashine. Nyingine ilimwagikiwa uji wa futari. Hakuna hata moja iliyorudi kwa ugonjwa wa zamani.

Hatukutaka uamini maneno yetu, kwa hiyo wenye mashine wamekuja. Unaweza kumwuliza yeyote aliyeketi upande wa kulia. Asubuhi hii Adila alizifungua mashine tano alizozichagua Mwenyekiti wa Kijiji, si sisi, akapitisha pamba mbele yake. Pamba hizo ziko kwenye sahani hapo mezani. Zina vumbi la kawaida. Ukipenda, zinuse.

Mashine ya Bi Batuli haijazimika yenyewe hata mara moja. Hajra aliandikia kazi yake hadi ukurasa wa mwisho, akaiwasilisha, na amefaulu. Yupo hapa. Tulimwomba azungumze, akasema hana la kuongeza ila kwamba bibi yake sasa anaifunika mashine kabla yeye hajamaliza kusema "nimezima." Bi Batuli anasema huo ni uongo, anangoja taa izimike kwanza.

Madrasa imechapa mitihani yake yote nyumbani kwa mwalimu wake. Wakulima wa mwani wameandika taarifa ya msimu wao wenyewe, bila kulipa mtu mjini. Fundi cherehani wa Kerege anachora mitindo yake kwenye skrini iliyosimama wima.

Tunaongeza jambo moja ili tusionekane tunajisifu kupita kiasi. Si kila mashine inatengenezeka. Nyingine zimechoka, na programu za sasa ni nzito kwao. Tukiiona mashine ya namna hiyo, tunamwambia mwenyewe siku ileile, tunamnakilia kazi zake, na tunamwomba ruhusa ya kutumia vipuri vyake kuokoa nyingine. Bado hatujapata mtu aliyekataa baada ya kuelezwa ukweli.

KUHUSU GHALA

Mfanyabiashara wa saruji si adui yetu. Nyumba zinazojengwa Mapinga zinahitaji saruji, na kodi atakayoilipa itakuwa kubwa kuliko tunayoiweza sisi. Hatutaficha hilo, kwa sababu ungelijua hata tungelificha.

Lakini ukweli una sehemu ya pili. Siku alipokuja kulitazama ghala, gari lake dogo lilinasa mchangani, na wanachama wetu ndio waliolisukuma hadi barabarani. Alitushukuru, akamwambia Mtoro, "Kama gari hili limenasa tupu, lori langu litafanya nini?" Mtoro akamjibu, "Tajiri, lori hilo hatutalisukuma." Lipo banda la kijiji kando ya barabara kuu, kavu, linalofungwa, ambalo lori linafika bila kugusa mchanga. Tumekwenda kulipima. Linatosha mzigo wake. Yeye mwenyewe alisema anachotaka ni pakavu tu.

Sisi tunachohitaji ni kigumu zaidi kupatikana: chumba chenye umeme, kinachofungwa, kisichopikiwa wala kufukizwa. Katika kijiji hiki kila nyumba ina jiko na kila nyumba ina chetezo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mahali pekee ambapo moto umekatazwa tangu zamani ni hapa. Kama tungekuwa tumefungua karakana katika ukumbi wa nyumba ya mmoja wetu, tungekuwa tunatengeneza mashine katikati ya moshi uleule unaoziua, na tungelaumu chumvi hadi leo.

MAOMBI

Kwanza, na hili ndilo lililotukutanisha: tunaomba Kamati unayoiongoza, ambayo inakutana leo baada ya hafla hii, iridhie tupewe ghala hili kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu. Tutalipa kodi. Si sawa na ya saruji, lakini itafika kila mwezi.

Pili, tunaomba kijiji kimpe mfanyabiashara banda la barabarani, ili ushindi wetu usiwe hasara ya watu wote.

Tatu, tunaomba utusaidie kupata njia salama ya kuondoa vipuri vilivyokufa. Tumevirundika nyuma ya ghala kwenye mapipa yenye vifuniko. Hatutaki watoto wavichezee wala mtu avichome moto.

Hatuombi mashine mpya. Ukipata za kugawa, wapelekewe wenye shule. Sisi ni mafundi wa kuukuu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kwa sharti lako la Shaabani, ruhusa yetu ya mdomo inakwisha leo. Hatupendi kukaa mahali ambapo muda wetu umepita, hata kama hakuna aliyetufukuza. Kwa hiyo Mwenyekiti wetu, Bwana Kibwana, anasogea sasa, na anauweka ufunguo wa ghala mezani mbele yako. Hatukubakiza wa pili.

Ndani mna mashine sita za watu ambazo bado zimefunguliwa. Wenyewe wameketi hapa. Kama Kamati itasema ghala ni la saruji, tutazibeba kwa mikono yetu hadi kwenye nyumba zao kabla ya magharibi, na hakuna atakayenyanyua sauti. Kama itasema ghala ni letu, Adila ameiacha bisibisi juu ya meza ya kwanza, na ataanzia pale alipoishia.

Ulitutaka tusikusomee matumaini. Tumekusomea tulichokifanya. Mwenye uwezo wa kuuinua ufunguo huo ni wewe, na wenye haja nao wamesimama mbele yako, wamenyoosha mikono.

Mwenyezi Mungu akupe afya na hekima katika kikao cha leo, awape baraka wanakijiji wa Mlingotini na majirani zetu wote, na amjaze riziki kila anayeila kwa kazi ya mikono yake.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi wa Kompyuta Kuukuu,
Mlingotini, Bagamoyo.